Mlipuko Uliozimika: Ni Bahati au Ni Serikali?

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mwalimu wa Historia, shule ya sekondari, Muheza. Wiki iliyopita wanafunzi wangu walifanya mdahalo, mada ikiwa "Milipuko ya magonjwa huzuiwa na sera nzuri, si bahati." Upande wa kupinga ulishinda kwa hoja moja tu. Kijana wa kidato cha tatu alisimama akasema: "Wakati wa Korona Kenya waliweka kafyu, Uganda walifunga shule karibu miaka miwili, sisi tulikaa miezi mitatu tukarudi darasani. Wote tupo. Sasa hiyo sera ilifanya nini?" Makofi yakapigwa mpaka walimu wa ofisi ya jirani wakaja kuchungulia. Mimi ndiye niliyekuwa mwamuzi, na sikuwa na la kumjibu. Nisaidie: ni bahati au ni sera?

JIBU: Marahaba, Mwalimu. Huyo kijana ana akili, usimvunje moyo. Ila katika mifano yote iliyopo, amechagua ule usioweza kumfundisha mtu lolote. Ngoja niumalize huo kwanza.

"Wote tupo" ni kauli ya waliopo. Wasiokuwepo hawakuja kwenye mdahalo.

Halafu kuna umri. Korona iliwaua wazee kuliko vijana kwa tofauti kubwa mno. Tanzania na Uganda, nusu ya watu hawajafika miaka 20. Italia, nusu wamevuka 45. Umri wa wananchi haukupangwa na waziri yeyote kwa ajili ya Korona, tuliukuta tu. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, walipima damu za wachangia damu wa Kenya kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020, kafyu ikiwa imepamba moto, wakakuta takriban watu 4 katika kila 100 virusi vimeshawapitia. Mombasa walikuwa 8 katika 100. Vifo vilivyokuwa vimetangazwa Kenya nzima hadi wakati huo vilikuwa mia na kidogo. Maana yake kafyu haikuvizuia virusi kuingia wala kutembea, na waliopata wengi walikuwa vijana ambao hata hawakujua. Hiyo ni bahati ya umri, na Watanzania tuliipata hiyo hiyo.

Kuhusu sisi kuna la ziada. Hadi mwanzoni mwa Mei 2020 tulikuwa tumetangaza wagonjwa 509 na vifo 21, kisha takwimu zikasimama zaidi ya mwaka mzima. Wewe ni mwalimu. Mwanafunzi asiyekusanya karatasi ya mtihani unampa alama gani? Huwezi kusema amefeli, lakini akikuambia amefaulu utamcheka. Basi mfano wa kijana wako tuuweke kando.

Kiswahili chenyewe kwenye jambo hili kina vinywa viwili. Mtu yule yule anakuambia asubuhi "ajali haina kinga", jioni anakuambia "kinga ni bora kuliko tiba". Kwa uzoefu wangu wa kukimbizana na magonjwa ya mlipuko, yote mawili ni kweli. Tatizo ni kwamba, ukishajua matokeo, bahati hujificha nyuma ya sera na sera mbovu hujificha nyuma ya bahati. Nikupe kisa changu, kisichonipa sifa.

Miaka mingi iliyopita, nikiwa kijana kwenye timu ya wilaya moja ya Kanda ya Ziwa, tulipata mhisiwa wa homa ya kutoka damu. Kazi yangu ilikuwa kuorodhesha wote waliotangamana naye na kuhakikisha wanapimwa joto kila siku kwa siku 21. Niliandika majina 31 kwenye daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Mmoja alikuwa bodaboda aliyembeba mgonjwa hadi zahanati, na namba yake ya simu niliikosea tarakimu moja. Siku nne nikawa nampigia baba mmoja wa Shinyanga ambaye mwanzoni alinijibu kwa upole, "umekosea namba, kaka", na mwishoni akawa hapokei kabisa. Siku ya tano bodaboda akaja mwenyewe ofisini. Hakuja kwa sababu ya elimu ya afya tuliyotoa kwa kipaza sauti. Alikuwa amesikia kwamba wanaofuatiliwa wanapewa sabuni na unga, akauliza mbona yeye karukwa.

Alikuwa mzima, na sampuli za mhisiwa zikarudi hasi. Faili likafungwa. Kwenye ripoti tukaandika kwamba waliotangamana na mgonjwa walifuatiliwa kwa asilimia 100, na hatukudanganya, kwa kuwa mwisho wa safari wote 31 walipatikana. Lakini sampuli ile ingekuwa chanya na bodaboda angekuwa ameambukizwa, angekuwa amebeba abiria siku tano akiwa nje ya macho yetu. Mlipuko usiotokea hauandikiwi ripoti ya makosa. Kila ninaposikia nchi fulani "ilidhibiti vizuri", namkumbuka yule baba wa Shinyanga.

Sasa tuingie kwenye hesabu, na nitaifanya ya kikaratasi ili uipeleke darasani. Chukua kofia. Kata vikaratasi kumi. Saba viandike 0. Kimoja kiandike 1, kimoja 4, na kimoja 20. Kila kikaratasi ni mgonjwa, na namba ni watu atakaowaambukiza. Jumla ni 25, ukigawa kwa 10 unapata wastani wa 2.5, ambao haupishani sana na Korona ya mwanzo kabla watu hawajachukua tahadhari. Kwa nini nisiandike 2 na 3 kwenye vyote? Kwa sababu magonjwa haya hayaendi hivyo. SARS, ile homa kali ya mapafu ya mwaka 2003, na Korona zote zilikuwa na tabia moja: wagonjwa wengi hawamwambukizi mtu, halafu anatokea mmoja, kwenye ukumbi mmoja, siku moja, anaambukiza umati.

Mgonjwa wa kwanza anachota kikaratasi, anakisoma, anakirudisha. Akichota 0, mlipuko umekufa. Akichota 4, watu wanne wanachota kwa zamu. Endeleeni hivyo hivyo.

Nimeipiga hesabu yake. Mgonjwa mmoja akiingia nchini, uwezekano wa mnyororo wake kufa wenyewe, bila waziri kutamka neno, ni kama 83 katika 100. Rudia kuisoma hiyo, maana ndiyo inayowapa viongozi wengi sifa wasizostahili. Wakiingia wagonjwa wanne, kila mmoja na mnyororo wake, uwezekano wa minyororo yote minne kufa unashuka hadi chini kidogo ya nusu. Wakiingia kumi, unabaki kama 16 katika 100. Kwa hiyo mji wenye ndege mbili kwa wiki na mji wenye ndege mia kwa siku havilinganishwi, hata kama wote wana waziri yule yule. Mji mdogo ukisalimika, mara nyingi ni kwa sababu umechota mara chache.

Sera inaingia wapi? Toa kile kikaratasi cha 20, weka cha 5. Hujagusa vingine tisa. Wastani umeshuka kutoka 2.5 hadi 1, na kwa wastani huo kila mnyororo, hata ukijikongoja kwa muda, mwisho wake ni kufa. Kile kikaratasi kimoja ni msongamano wa wodini, ni arusi ya watu mia tano, ni msiba ambao maiti inaoshwa na kila ndugu. Ndiyo maana huwa nakereka kuona serikali ikipuliza dawa barabarani, jambo ambalo halibadilishi kikaratasi hata kimoja, wakati chumba cha kusubiria hospitalini kimejaa watu wanaokoholeana usoni.

Kikaratasi cha 20 kilichotokea kweli ninachokifahamu vizuri zaidi kilichotwa Hong Kong, Februari 21, 2003, ghorofa ya tisa ya Hoteli Metropole. Daktari mmoja mzee kutoka Guangdong, China, aliyekuwa ametibu wagonjwa wa ugonjwa usiojulikana, alifika kuhudhuria arusi ya jamaa yake. Alilala usiku mmoja tu, kesho yake akaenda hospitali na hakutoka tena hai. Kwa usiku huo mmoja wageni zaidi ya kumi wa hoteli waliambukizwa, wengi wao wa ghorofa ile ile. Wakapanda ndege. Kutoka hapo SARS ikafika Hanoi, Singapore, Toronto na Vancouver. Hadi inazimwa ilikuwa imepata watu 8,098 na kuua 774.

Nataka uitazame hiyo miji miwili ya Canada, maana ni nadra dunia kutupa jaribio safi namna hii. Nchi moja, virusi vile vile, korido moja ya hoteli, na wagonjwa wawili waliofika hospitalini siku moja: Machi 7, 2003.

Vancouver alifika mwanamume aliyetoka safarini, anahema kwa shida. Kituo cha kudhibiti magonjwa cha jimbo lile kilikuwa kimeshatuma tahadhari hospitalini tangu Februari: kuna homa ya mapafu isiyoeleweka upande wa China, waulizeni wasafiri. Muuguzi akauliza, mgonjwa akasema ametoka Asia, na katika dakika chache akawa ametengwa kwenye chumba chake. Baada ya saa chache wahudumu wote wanaomgusa walikuwa na kinga kamili. Hakumwambukiza mtu hata mmoja pale hospitalini. Jimbo zima halikupata kifo.

Toronto alifika kijana wa miaka 43. Yeye hakuwa amesafiri. Aliyesafiri ni mama yake, aliyerudi kutoka Hong Kong, akaugua na kufia nyumbani Machi 5. Kifo chake kikaandikwa kuwa cha moyo. Kijana akakaa idara ya dharura usiku kucha, akitenganishwa na wagonjwa wenzake kwa pazia, huku akivutishwa dawa ya mvuke ya kufungua mapafu, ambayo humfanya mtu atawanye matone hewani. Wazee wawili waliokuwa karibu naye, waliokuja kwa maradhi yao mengine kabisa, wakaambukizwa. Mmoja akarudi nyumbani, kisha akaletwa tena hospitalini akiwa mgonjwa, na moto ukasambaa. Mwisho wake Ontario, jimbo lenye Toronto, ilikuwa na wagonjwa karibu 375, waliothibitika pamoja na walioshukiwa, na vifo 44.

Haya, Mwalimu, gawa alama. Vancouver ilikuwa na sera bora, hilo halina ubishi: tahadhari ilitoka ofisini ikafika hadi kwa muuguzi wa mapokezi, na hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote katika afya ya jamii. Lakini angalia pia ilichokuwa nacho mkononi. Mgonjwa wake alikuwa msafiri mwenyewe. Ukimuuliza "umesafiri?" anajibu ndiyo. Yule wa Toronto ungemuuliza swali lile lile angejibu hapana, na angekuwa mkweli. Msafiri alikuwa ameshafariki, na kifo kimeandikwa cha moyo. Vancouver ingechota kikaratasi cha Toronto, sina hakika kama tahadhari yake ingetosha. Na Toronto ingempata yule bwana wa Vancouver, huenda hata bila tahadhari ile mtu angeshtuka.

Kama hadithi ingeishia hapo ningempa kijana wako pointi nusu. Haikuishia hapo. Toronto ilipambana, wagonjwa wakapungua, katikati ya Mei serikali ya jimbo ikaondoa hali ya dharura, hospitali zikaanza kulegeza barakoa na kinga. Kumbe ugonjwa ulikuwa bado umejificha kwenye wodi ya hospitali nyingine, miongoni mwa wazee waliokuwa wamelazwa kwa sababu nyingine, homa zao za mapafu zikichukuliwa kuwa za kawaida. Wiki haikupita, likatangazwa wimbi la pili. Wimbi la kwanza uliite bahati mbaya kama unataka. La pili halikuwa na korido ya hoteli wala mama aliyefia nyumbani. Wauguzi walikuwa wanasema kuna kitu hakiko sawa, na hawakusikilizwa. Hilo ni kosa la wenye mamlaka wenyewe.

Turudi barani kwetu. Lagos, Julai 20, 2014. Abiria kutoka Liberia anaanguka uwanja wa ndege akiwa na Ebola. Mji wa mamilioni, msongamano usioelezeka, kila mtu anajua kitakachofuata. Hakikufuata. Nigeria nzima ilipata wagonjwa 20 na vifo 8, na Oktoba 20 ikatangazwa salama. Watu wanausifu mkakati, na unastahili sifa: kituo cha dharura kilichojengwa kwa ajili ya polio kiligeuzwa cha Ebola kwa siku chache, watu 894 wakafuatiliwa, milango ikagongwa mara 18,500 hivi. Hapa kuna funzo ambalo wachache wanalitaja: iliyoonekana kama bahati ya Lagos mwaka 2014 ilikuwa sera ya polio ya miaka iliyotangulia. Watu, magari, ramani na mazoea vilikuwepo kabla ya mgonjwa kutua.

Lakini sikiliza na hili. Wiki ile madaktari wa hospitali za serikali walikuwa kwenye mgomo. Kwa sababu ya mgomo, mgonjwa akapelekwa hospitali binafsi badala ya wodi kubwa ya umma yenye vitanda vilivyobanana. Huko akakutana na Dk. Stella Ameyo Adadevoh, ambaye hakuridhika na jibu la malaria, akaagiza vipimo, na aliposhinikizwa amruhusu mgonjwa aondoke akakataa katakata. Akaambukizwa, akafariki Agosti 19. Mgomo wa madaktari kuisaidia nchi dhidi ya Ebola! Hakuna mtu atakayeandika hilo kwenye mpango mkakati. Na mmoja wa waliotakiwa kufuatiliwa alitoroka hadi Port Harcourt, akatibiwa huko kwa siri na daktari ambaye naye akaugua, akaendelea kupokea wageni na wagonjwa kabla hajafa. Mamia ya watu wakawekwa kwenye orodha. Walioambukizwa kutoka kwake ni wawili: mkewe, na mgonjwa aliyelazwa hospitali moja naye. Hapo mkakati ulikuwa umeshapenya tundu. Kikaratasi tu ndicho kilichosoma namba ndogo.

Sasa nikufikishe Kagera na Kigali, maana hapa ndipo ukitazama namba peke yake unapotea kabisa. Ugonjwa ni Marburg, ndugu wa Ebola, unaotoka kwa popo walao matunda wanaoishi mapangoni na migodini.

Bukoba, 2023. Katikati ya Machi ilitangazwa kwamba kuna ugonjwa usiojulikana umeua watu watano. Machi 21 ikathibitishwa ni Marburg. Jumla wagonjwa 9, vifo 6, na Juni 2 ukatangazwa umekwisha. Biharamulo, mkoa huo huo, 2025. Januari 14 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya wahisiwa; wizara ikajibu kwamba sampuli ni hasi; Januari 20 Rais Samia akatangaza mgonjwa mmoja amethibitika. Mwisho, Machi 13: wagonjwa 10, vifo 10. Kigali, kati ya hizo mbili: Septemba 27 hadi Desemba 20, 2024, wagonjwa 66, vifo 15.

Mwambie mwanafunzi azipange serikali hizo kwa idadi ya wagonjwa. Ataweka Bukoba kwanza, Biharamulo pili, Kigali mkia. Sasa zifunue ndani.

Kigali ilichota vibaya kupita kiasi. Mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa ametoka kwenye shughuli za mgodini palipo na popo, na ugonjwa ukaingia moja kwa moja kwenye vyumba vya wagonjwa mahututi vya hospitali kubwa za mji mkuu, kabla haujatambuliwa. Katika kila wagonjwa kumi, karibu wanane walikuwa wahudumu wa afya. Ni kama kile kikaratasi cha 20 kilichotwa mwanzoni kabisa, na kikaangukia kwa watu wale wale tunaowategemea kuzima moto. Lakini baada ya hapo? Siku nane baada ya tangazo dozi 700 hivi za chanjo ya majaribio zilikuwa zimeshashuka Kigali, na kesho yake watu wakaanza kuchanjwa. Dawa za kupambana na virusi zikapatikana. Wagonjwa wawili waliowekewa mirija ya mashine ya kupumulia walitolewa wakiwa hai, jambo ambalo kwa Marburg halikuwahi kuonekana Afrika. Ugonjwa ambao kwenye milipuko mingine umeua hadi wagonjwa 88 katika 100, pale uliua chini ya robo.

Biharamulo ni kinyume chake. Kati ya wale kumi, wawili tu ndio waliothibitishwa kwa kipimo. Wanane walikufa kabla mlipuko haujathibitishwa, wakaingizwa kwenye hesabu kwa dalili na kwa kuhusiana na wagonjwa. Nikiona kumi kwa kumi wamekufa sisomi ukali wa virusi peke yake. Nasoma kwamba ugonjwa ulitembea mitaani kabla sisi hatujafika. Wagonjwa walihudumiwa na ndugu, wengine pengine kwa mikono mitupu, na bado mnyororo ukakatika kwenye kumi. Timu iliyokwenda kule ilifanya kazi, watu 281 wakafuatiliwa, na hao vijana nawaheshimu. Lakini kipindi kabla ya timu kufika hakikuwa na sera yoyote ndani yake isipokuwa bahati. Tukijipongeza kwa Biharamulo kama tunavyojipongeza kwa Bukoba, tutakuwa tumeandika ile ripoti yangu ya bodaboda, asilimia 100.

Ndiyo maana mimi nikipewa mlipuko nipime nani kafanya nini, namba ya wagonjwa huwa naisoma mwisho. Naanza na siku: mgonjwa wa kwanza aliugua lini, na aligunduliwa lini? Guinea mwaka 2013 mtoto wa kijiji cha Meliandou aliugua Desemba. Neno Ebola likatamkwa Machi mwaka uliofuata. Miezi mitatu, karibu kabisa na mipaka ya Liberia na Sierra Leone. Mahali mtoto alipozaliwa ni bahati. Miezi mitatu si bahati, ni maabara isiyokuwepo na zahanati isiyo na simu ya kumpigia mtu. Waliokufa mwisho wa yote ni zaidi ya 11,000.

Kisha natazama wahudumu wa afya wangapi wameambukizwa baada ya ugonjwa kujulikana jina, si kabla. Kabla ya jina kujulikana kila hospitali ni kamari. Baada ya hapo ni glovu, ni maji ya bomba, ni mshahara wa msafishaji. Halafu natazama wagonjwa wapya wanatoka kwenye orodha ya waliokuwa wanafuatiliwa au wanaibuka tu kutoka mitaani. Wakitoka kwenye orodha, serikali iko mbele ya ugonjwa hata kama wako sitini. Wakiibuka mitaani, iko nyuma hata kama ni watatu. Hilo la orodha ndilo ninaloliamini kuliko takwimu zote, na ndilo ambalo vyombo vya habari huwa haviulizi.

Hapo utaona, Mwalimu, mada yenyewe ilikuwa imewekwa vibaya. Serikali haichagui popo yupi amwambukize nani, wala abiria yupi apande ndege ipi. Inachochagua ni wagonjwa wangapi waruhusiwe kuchota kabla haijajua, na kikaratasi kikubwa kuliko vyote kiwe na namba gani. Kwenye mlipuko mmoja bahati inaweza kuifunika sera nzima, nzuri au mbaya. Kwenye milipuko kumi haiwezi. Kagera imeshapata miwili katika miaka miwili, mpaka wa Uganda na Kongo hauko mbali, na popo hawajahama.

Kwa darasa lako nakushauri hivi. Kama wako 42, kila mmoja awe Waziri wa Afya wa nchi yake, aingize mgonjwa mmoja na kuchota kwenye kofia hadi mnyororo ufe au uvuke wagonjwa hamsini. Ukivuka, mwambie akae pembeni, hali imemshinda. Barakashia ni ndogo, vikaratasi havichanganyiki vizuri, tumia kikapu. Tegemea 35 hivi wasalimike. Usiwaambie hesabu. Waite wale 35 mbele, mmoja mmoja, kila mmoja apewe dakika moja awaeleze waandishi wa habari ni sera gani aliyoitumia. Yule wa kidato cha tatu aliyeshinda mdahalo mpe kalamu, aandike majibu yao ubaoni.